Kitambaa Kikavu Kilichonipa Mke

Haya, marahaba wajukuu zangu. Najua hamjaniamkia, nimeitikia mapema nisije nikachoka kusubiri. Admin, nifiche jina. Nina miaka themanini na sita, nilisoma mpaka darasa la nne, naishi huku Lushoto na mke wangu, tumwite Zaina. Kosa langu lina umri mkubwa kuliko wazazi wenu wengi.

Mwishoni mwa enzi za Mwingereza alikuja daktari mzungu na sanduku lenye betri na mshale. Alikuwa anapitisha umeme kidogo sana mwilini, hata huusikii, aone mwili unauzuia kiasi gani. Kwa hesabu zake eti alijua mtu ana maji kiasi gani ndani. Unalala kitandani, unafungwa vibati viwili mkononi na viwili mguuni. Kazi yangu ilikuwa kusugua ngozi na kuweka chini ya kila kibati kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Kitambaa kikiwa kikavu umeme haupiti, maana mikono yetu ya jembe ilikuwa kama magome ya miti.

Wakati huo rafiki yangu wa kijiji cha Gare, tumwite Athumani, alikuwa amemposa Zaina. Mimi nami nilimtaka, ila nilijifanya nina adabu. Huku kwetu binti hatoki mpaka ukoo wa mume uchunguzwe, kama una kifafa au ukoma. Baba yake Zaina akasema watu hufichiana, sanduku halimfichi mtu. Akamleta Athumani, mkwe wake mtarajiwa, apimwe.

Mzungu alikuwa nje anakunywa chai. Vitambaa nikaviweka vikavu. Mshale ukalala palepale.

"Mbona hautikisiki?" mzee akauliza.

"Mzee wangu, mimi ni mfunga vibati tu. Ila huyu umeme haumpiti."

"Haumpiti ndiyo kusema nini?"

Nikatazama chini, nikanyamaza. Ule unyamavu ndio uliovunja posa. Kisha, kama mchezo, nikalala mimi, vitambaa vinachuruzika maji. Mshale ukaruka, mzee akacheka. Mwaka haukuisha, Zaina akawa wangu.

Siku ya harusi aliyetuchinjia mbuzi ni Athumani. Yeye hakuoa maisha yake yote. Kila alikoposa, habari ya mshale ilikuwa imeshafika. Mpaka leo Zaina humpelekea chakula kila Ijumaa, anamwonea huruma kwa ugonjwa wake. Mimi ndiye hubeba kile kikapu mpaka Gare.

Ningekufa na siri yangu, lakini umeme umefika Gare. Athumani anashika nyaya kwa mikono mitupu. Majirani wanamwita awaungie, watoto wanampigia makofi. Nikamwambia, "Athumani, acha. Kinachokuokoa ni hayo mabuti ya mpira."

Akanicheka. "Mgosi, mabuti nimenunua juzi, mwili ninao tangu zamani. Si ulinipima mwenyewe?"

Nikachukua kikapu kitupu, nikaondoka.

Sasa masika yameanza. Jumatano nimeona buti lake la kulia limepasuka kisiginoni, maji yanaingia na kutoka. Nikamwambia nitamnunulia jingine, akasema nisijisumbue, mtu kama yeye hata pekupeku anashika waya. Na Jumatatu jirani yake anamtaka akamuungie umeme wa jikoni.

Nikimwambia ukweli atajua kwamba mwili wake haukuwa na kosa lolote, na kwamba mke na watoto aliowakosa niliwachukua mimi kwa kitambaa kikavu. Na Zaina atajua nilimpataje. Nikinyamaza, ataushika waya huku mguu umelowa, nami ndiye ninayejua zaidi ya wote Gare maji yanafanya nini kwenye ngozi.

Wajukuu, nipeni akili, nianzie kwa nani, mke au rafiki? Na asiniambie mtu niombe dua. Nimeomba tangu Jumatano, buti bado limepasuka.