Mama alivyonunua gari la bosi wa Baba mnadani, na Baba akagoma kulipakia mitumba

Wakuu, habari za humu? Waliokula chumvi nyingi shikamooni, wadogo mtaniamkia wenyewe kwenye comments.

Mie ni msomaji wa kimyakimya hapa jukwaa la magari. Juzi nimeona vijana wanatoana roho kuhusu lile gari dogo la kifahari la Mjerumani, toleo lipi bora, lipi takataka. Jina la kampuni sitaji, mnalijua.

Ufundi sina. Mie ni mama wa makamo, mzaliwa wa Tandika, na ninachojua ni kile gari lile lilichofanya ndani ya nyumba yetu. Sijaongeza kitu. Nilipopunguza, nimepunguza kwa heshima ya wazazi.

Tuanze na Baba.

Baba alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Sio dereva wa lori, tafadhali. Dereva wa Meneja Mkuu. Shati jeupe, viatu vinang'aa, na kalamu mfukoni ambayo sijawahi kuiona ikiandika.

Bosi wake alipitia matoleo matatu ya gari lile, na Baba akayapitia naye.

La kwanza mtaani tuliliita Papa, maana pua yake ililala mbele kama inataka kung'ata mtu. Taa mbili za duara. Tatizo lake, lilikuwa na milango miwili tu. Sasa bosi wa shirika hawezi kukaa mbele na dereva, si ndiyo? Basi kila asubuhi kiti cha mbele kinakunjwa, Bosi anaingia nyuma kwa kuinama, kichwa kwanza, makalio mwisho. Na yalikuwepo. Baba anatazama pembeni kwa adabu mpaka zoezi liishe.

Likaja la pili. Hilo tuliliita Boksi. Pembe kila upande, taa nne, na milango minne. Baba anasema siku lilipofika Bosi alifungua mlango wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena, kama haamini kama amekombolewa.

Baba alilipenda Boksi kuliko ndugu zake wengine, nasema kweli. Alikuwaga anatuhadithia kwamba deshibodi yake imepindishwa kidogo kumwelekea dereva. "Mjerumani kamfikiria dereva," anasema. "Bosi akiwa nyuma hata saa haioni vizuri. Mpaka aniulize mie."

La tatu lilikuja enzi za ruksa zimekolea. Sabuni imerudi madukani, mitumba imejaa, na shirika lenyewe hoi. Wafanyakazi wana miezi hawajaona mshahara, Bosi anabadilisha toleo! Hilo tuliliita Miwani, kwa sababu taa zake zilikaa nyuma ya kioo. Limeviringwa kama sabuni iliyotumika. Vioo vinapanda kwa kubonyeza. Injini ina kompyuta.

Baba aliliendesha wiki chache tu. Halafu karatasi ikabandikwa ubaoni, majina ya waliopunguzwa kazi, na lake lipo. Bosi naye akaondoka, ila yeye aliondoka na Miwani, alijiuzia. Hata kwaheri hakumpa Baba. Alimwachia salamu kwa katibu muhtasi.

Baba akahamia barazani na redio.

Mama kipindi hicho anauza mitumba soko la Temeke. Alianza na mashati ya kuning'iniza mkononi, sasa anafungua mabelo mazima, yale marobota ya nguo. Mie nimemaliza kidato cha nne, nipo naye mezani. Shida yetu ilikuwa usafiri wa kutoa mabelo Ilala. Kwa hiyo aliposikia lile shirika linapiga mnada mali zake, akanishika mkono tukaenda kutafuta pikapu.

Pikapu zote mbili tulizikosa. Wanaume wenye sauti walizichukua.

Likabaki Boksi. Limekaa chini ya ukuta, matairi yamelala, ndege wamelifanyia mambo yao. Hakuna aliyelitaka. Mama akanyoosha mkono.

Dalali akacheka. "Mama, unajua kuendesha?"

"Sijui. Najua kununua. Gonga nyundo yako."

Lilifika Tandika likisukumwa. Baba akasimama barazani, redio inaongea peke yake. Akalizunguka mara mbili bila kuligusa. Halafu akaingia ndani, nikasema huyu kaenda kulia. Kumbe kaenda kutafuta kitambaa.

Wiki ile sikumtambua baba yangu. Kabureta hii hapa, plagi hizi hapa, mwanaume anapiga mbinja. Alipoliwasha likaitika, akamwita Mama kwa jina lake la usichana. Mie sikuwahi kulisikia!

Furaha ikafika mpaka Jumamosi.

Jumamosi Mama akasema, "Baba Zuhura, kesho kutwa twende Ilala, kuna mabelo matatu. Hicho kiti cha nyuma king'oe, hayataingia."

Baba akaacha kutafuna. "Mabelo gani?"

"Ya mashati."

"Mama Zuhura, gari hili limebeba Meneja Mkuu."

"Basi limezoea uzito."

Wakuu, nilitoka nje kwenda kucheka. Lakini mle ndani hapakuwa na kicheko. Baba alisema kama ni mabelo, yeye hamo, atafutwe mkokoteni. Mama akasema mabelo ndiyo yamelinunua, na yatapanda. Baba akaweka ufunguo mezani, akarudi kwenye redio.

Nadhani alijua hatuna mtu mwingine wa kuendesha. Mama naye alijua kuwa Baba anajua hivyo. Ndiyo maana aliamua alivyoamua.

Jumatatu alasiri akavaa kanga kiunoni, akakaa kwenye usukani palepale uani, akawasha. Hajui klachi wala nini. Akawa anasukuma gia kama anachochea jiko. Jamani, ile sauti! Gari lilipiga kelele mpaka kuku wakahama. Likazima. Akawasha tena.

Baba akaongeza sauti ya redio.

Mama akakwangua tena.

Jumanne Baba akavumilia kidogo. Jumatano uzalendo ukamshinda, akatoka na singlendi. "We mwanamke, utaliua!"

"La kwangu."

"Nipishe."

"Sikupishi. Nifundishe."

Nilikuwa kwenye ngazi na sufuria ya mchele. Baba alisimama mlangoni mwa gari kwa muda mrefu, nikidhani atamvuta mkono. Akazunguka, akaingia kiti cha kushoto.

Kiti cha nyuma aliking'oa mwenyewe usiku uleule. Akakifunika kwa shuka, akakiweka chumbani kwao.

Basi wakawa wanaenda kujifunzia Chamazi. Enzi hizo Chamazi ni mihogo na minazi, barabara ya mchanga, hakuna wa kumgonga. Mie nakaa nyuma sakafuni, nimeshika mlango. Baba alikuwa mwalimu mkali. "Usiitazame gia, gia haiibiwi! Tazama mbele!" Mama naye anajibu kila neno. Siku moja walinuniana njia nzima kwa sababu ya indiketa. Lakini walikuwa wanarudi wanaongea. Nyumba yetu ilikuwa haijasikia maongezi marefu kama yale tangu karatasi ile ibandikwe.

Mama akajua kwenda mbele. Kurudi nyuma ikamshinda kabisa. Anakata kulia, gari linaenda kushoto, anaanza kulitukana.

Hapo ndipo Bosi alipotokea.

Alikuja na Miwani mpaka mlangoni, watoto wameshalizunguka. Amefungua kampuni yake, na mpwa wake aliyekuwa anamwendesha kalikwaruza. "Mzee, nakuhitaji. Dereva kama wewe hayupo mjini."

Baba akamwangalia Mama. Sijui alitegemea nini.

Mama akasema, "Nenda." Neno moja, halafu akaendelea kukunja mashati.

Akaenda. Shati jeupe likatoka sandukuni, kalamu ikarudi mfukoni. Sie tukabaki na Boksi, Mama anaendesha mwenyewe, Ilala na kurudi. Kwenye vijiwe wanaume wanapiga miluzi, yeye anapiga honi. Nyumbani maongezi yakarudi kuwa "umekula?" na "nimekula."

Ikapita miezi.

Siku moja tunatoka Ilala na mabelo manne, tunafika njia panda ya Buguruni, magari yamesimama. Katikati pale Miwani limezima. Limekufa kabisa. Honi kila upande, machinga wanatoa ushauri, na Bosi kateremka na suti yake anafoka.

Baba kafungua boneti. Kasimama na spana mkononi, na ndani hamna cha kufungua. Kila kitu kinaongozwa na kompyuta, kimefunikwa mifuniko meusi. Kwenye Boksi angeshapata jibu kwa pua tu. Hapa alikuwa kama mgeni aliyesimamishwa sebuleni.

"Miaka yote nimekulisha!" Bosi anapiga kelele. "Gari tu limekushinda! Nilikuchukua kwa huruma!"

Watu wakacheka. Baba akatoa kitambaa mfukoni. Alikuwa anafuta spana, anaifuta tu.

Mie nilitaka Mama apite. Nilitaka Baba asituone. Mama akasimamisha gari katikati ya barabara, akateremka na kanga yake.

"Shikamoo Bosi. Kamba tunayo."

Bosi akamtazama, akatazama Boksi, akatazama mashati yanayochungulia kwenye belo. Uso wake ulipita matoleo yote matatu kwa mpigo.

Hakuwa na la kufanya. Mie nikahamia juu ya mabelo, Bosi akakaa mbele kando ya Mama. Baba akaunganisha kamba za mabelo, nne kwa pamoja, akalifunga Miwani nyuma ya Boksi, halafu akaja dirishani kwa Mama. Alikuwa mtulivu, sauti ileile ya Chamazi lakini bila ukali.

"Anza na klachi polepole. Lile limezima, breki zake ni kama jiwe. Kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi usikanyage breki hata kidogo. Ukikanyaga nitakuingia. Ongeza mwendo kidogo, kamba ikae imenyooka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nitakuwa nyuma yako."

Tukaondoka. Wakuu, mie sio mtu wa kuomba sana, lakini ule mteremko niliuombea. Nilikuwa natazama nyuma, namwona Baba kwenye kioo cha Miwani, mikono yote miwili inapigana na usukani mzito, shati limeloa. Mbele yetu kuna lori linaenda taratibu. Bosi akapiga yowe, "Breki, mama, breki!"

Mama akamwambia, "Nyamaza, mwalimu wangu yupo nyuma." Akaongeza mwendo, akalipita lile lori, kamba imenyooka kama waya wa kuanikia. Tukavuka bonde, tukapanda upande wa pili. Ndipo nikamsikia anahema.

Nyumbani kwa Bosi, Kinondoni, uani kumejaa vyungu vya maua. Bosi kateremka, anajikung'uta nyuzi za mitumba. Hakumshukuru Mama. Akamwambia Baba, "Kesho saa moja ufike na fundi."

Baba akampa ufunguo, kwa mikono miwili.

"Kesho sitaweza, Bosi. Wala kesho kutwa."

"Kwa nini? Kwa maneno yale ya barabarani?"

Baba akafikiri. "Nina mwanafunzi. Hajajua kurudi nyuma."

Na ilikuwa kweli tupu, kwa sababu ilibidi tutoke pale kinyumenyume. Baba akasimama nyuma yetu anaelekeza kwa mikono, "Njoo, njoo, kata, kata kulia, kulia nasema!" Mama akakata kushoto. Vyungu vitatu vikaenda. Bosi mdomo wazi. Baba akageuka kumwomba radhi, akashindwa kumaliza sentensi kwa kicheko. Akaingia kiti cha kushoto anafuta machozi, na Mama akaondoka bila hata kufunga mlango wake vizuri.

Baada ya hapo wanawake wa sokoni wakaanza kuja mmoja mmoja, muuza samaki, mama wa vitenge, wote wanataka kujua gari. Baba akawafundisha miaka mingi na lile Boksi, mpaka sakafu ikatoboka. Alikuwa mkali vilevile, na walimpenda hivyohivyo.

Nilichojifunza mie ni hiki. Ile "nenda" ya Mama ilikuwa ya hasira, alikuja kukiri mwenyewe nilipokuwa naolewa. Alitaka Baba akatae bila kuombwa. Na Baba alitaka aombwe abaki. Watu wawili wazima, kila mtu anamsubiri mwenzake aseme, mpaka gari likazima Buguruni. Kama kuna kitu unataka mwenzio akifanye, mwambie leo. Sio kila ndoa itapata hitilafu ya kompyuta kwa wakati.

Mie nimemaliza. Wanaume mliofundisha wake zenu gari na bado mpo pamoja, karibuni mtupe siri. Na wale mlioachana kwa sababu ya klachi, msione aibu, andikeni tu.