Pichi za Kopo za Ozella Gilyard

Ukimwambia Ozella Gilyard kwamba kobla ya pichi, kile kitamutamu cha matunda na unga cha kuoka, inafunikwa unga juu tu, jiandae kusimangwa. "Hiyo si kobla, hayo ni matunda yaliyovaa kofia," atakwambia. Kwake unga ulikuwa chini na juu, na katikati vipande vingine vya unga vilizamishwa kwenye rojo la pichi, siagi na sukari mpaka vikalainika kabisa. Wale wanaomimina uji wa unga kwenye sinia, wakalisukumia ndani ya oveni na kudai wamepika, aliwaita wavivu waliobatizwa.

Kwa miaka thelathini na miwili sinia lake lilikaa katikati ya meza ya kanisa letu kila Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ya Julai ambayo waliohamia Detroit na Filadelfia hurudi kula na kujisifu. Kwetu hakuna anayetia chakula cha kanisani kwenye sahani yake kabla ya kuuliza nani kapika. Si utovu wa adabu, ni akili, maana zipo nyumba ambamo paka hutembea juu ya meza. Kwa sinia la Ozella hakuna aliyeuliza. Na kwa kuwa kaunti yetu ya Karolina Kusini imejaa mipichi toka kilima hadi kilima, sote tulijua kwamba pichi zake ni za kuchuma. Tulijua bila kuuliza, naye hakuwa na desturi ya kujibu asichoulizwa.

Jumamosi alasiri, mkesha wa Jumapili hiyo ya mwaka 1998, Marquetta Sims alipanda ngazi za varanda ya Ozella amekumbatia sanduku. Marquetta alikuwa mwenyekiti mpya wa kamati ya wageni, mchapakazi, mwenye kalamu tatu mkobani.

"Hodi, Mama Ozella! Nimekuletea neema."

Ozella alisikia harufu kabla hajaona kitu. Kisha akaona herufi za kijani ubavuni mwa sanduku: TARPLEY.

"Zimetoka wapi hizo?"

"Si unaona? Shamba la Tarpley. Yule mjukuu, Trent, ndiye anayeliendesha siku hizi. Katupa masanduku kumi, bure! Na kesho anakuja mwenyewe. Nimeshamwambia kobla yako ni ya pichi zao miaka yote hii. Kafurahi huyo! Anataka umpakulie wewe sahani ya kwanza, na mtu wa gazeti apige picha."

"Umemwambia nini?"

"Kwani uongo, mama?"

Ozella alimtazama mpaka Marquetta akaanza kurekebisha kola yake.

"Mwanangu, beba sanduku lako."

"Jamani, zimeiva vizuri, ukizibonyeza tu..."

"Beba. Na usiliburute kwenye varanda yangu."

Marquetta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa juzi tu, amelelewa mjini, na hakuna aliyewahi kumsimulia. Wa kumsimulia tulikuwepo, lakini tulinyamaza, na sisi hatuna wa kumlaumu.

Mwaka 1966 Ozella na mumewe Lonnie waliishi katika nyumba ya mbao ndani ya shamba la Tarpley, wakichuma pichi kwa msimu. Jumatatu moja walikwenda mahakamani mjini wakaandikisha majina yao ili wapige kura, jambo ambalo Wazungu wenye mashamba hawakutaka Weusi walifanye. Jumatano msimamizi akaja na lori na wanaume wanne. Walitoa kila kitu barabarani: kitanda, cherehani, picha ya harusi. Ozella alikuwa jikoni akipika pichi za kuhifadhi kwenye chupa. Walibeba na sufuria yenyewe, ingali inatokota, wakaitua kwenye vumbi katikati ya njia, na juu ya kifuniko wakaweka kiatu cha Lonnie. Mzee Tarpley alikuwa ndani ya gari lake kivulini, anakula pichi na kutemea kokwa dirishani.

Ozella aliinyanyua ile sufuria akaimwaga yote mtaroni, mbele ya macho ya Tarpley. Akaapa kimoyomoyo kwamba tunda la kilima kile halitaingia tena kinywani mwake wala jikoni mwake. Kisha Mama Inell Broadnax wa kanisani kwetu akafika na gari lake bovu la kubebea pamba, akawapakia wao na kitanda chao, akawapeleka kwake.

Sasa, katika kaunti nzima, pichi zote zilikuwa za Tarpley. Kwa hiyo Ozella alikwenda duka la kaunti ya pili, akanunua za kopo zilizotoka California, na kwa hizo akajifunza upya kupika. Makopo matupu Lonnie aliyakanyaga bapa akayafukia. Mwanzoni alinyamaza kwa hofu, maana Lonnie alikuwa anatafuta kazi na Tarpley alikuwa na masikio kila mahali. Baadaye Lonnie alifariki, hofu ikaisha, na bado alinyamaza, kwa sababu sifa ni tamu. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alikuwa ameacha Tarpley asifiwe kwa jasho lake, mwaka baada ya mwaka.

Saa kumi na moja jioni Mchungaji Fulmore alipiga simu.

"Mama Ozella, Marquetta yuko hapa analia. Mama yangu, ni matunda tu."

"Mchungaji, hata lile la Edeni lilikuwa tunda tu. Na za Tarpley sijawahi kuzipika; zangu ni za kopo, na kesho nitalisema."

Mchungaji alikohoa. "Nisikilize. Ukisema kesho kwamba umetulisha pichi za kopo miaka yote, watu watakucheka mpaka kaburini. Jina lako, mama. Fikiria jina lako."

"Jina langu nililiandika mahakamani, nikatupwa barabarani kwa ajili yake. Hilo la kobla mkilitaka, lichukueni."

Akakata simu, akakaa. Msidhani hakuogopa. Mwanamke anayejulikana kwa kitu kimoja akikipoteza hicho, anabaki nani mezani?

Asubuhi alifungua makopo manane. Pichi alizichuja, yale maji yake matamu akayachemsha peke yake mpaka yakapungua nusu na kuwa mazito. Hapo ndipo siri ilipokuwa, kwani wengi humimina kopo na maji yake yote halafu wakashangaa kobla imekuwa supu. Akatia siagi, kungumanga, ndimu, chumvi kidogo. Kwenye unga akatia kijiko cha siki. Lakini makopo hakuyakanyaga. Aliyaosha, akayaacha na karatasi zake zenye chapa, akayatia kikapuni.

Baada ya ibada, ukumbini, akalitua sinia mahali pake na kulizungushia makopo yote manane. Marquetta alikuja mbio akinong'ona, "Mama Ozella, toa hayo, mgeni huyo anakuja!"

"Na aje."

Trent Tarpley alikuwa kijana mrefu, mashavu mekundu kwa jua, sahani mkononi, mpiga picha nyuma yake. "Mama, naambiwa hapa ndipo pichi zetu zinapopikwa ipasavyo."

Ozella alipaza sauti ili hata walioko mlangoni wasikie. "Hapana, si zenu. Zenu niliziacha mtaroni mwaka sitini na sita, siku babu yako aliponitolea vyombo nje kwa sababu nilitaka kupiga kura. Tangu siku hiyo nimepikia kanisa hili pichi za kopo, na hazijawahi kuwa zenu, hata moja."

Tulikuwa tunahesabu miaka na vijiko.

Cleophus, aliyetoka Detroit, ndiye aliyeropoka. "Yaani nimeendesha gari saa kumi na tatu kuja kula kopo?"

"Umeliendesha kila mwaka, Cleophus, na kila mwaka unaondoka na sahani mbili umezifunika kwa karatasi. Leo tumbo ndilo limejua kusoma?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogeza sahani. Ozella alisimama na kijiko chake cha kupakulia, kidevu juu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameuma mdomo. Ndipo Mama Inell, mwenye miaka tisini na moja, akaja akikongoja, akampita Trent Tarpley bila kumtazama.

"Niwekee pembeni, binti yangu, penye unga mwingi. Na rojo usinipunje."

Baada yake mstari ukajipanga wenyewe.

Trent alikuwa bado amesimama. Uso wote sasa ulikuwa mwekundu. "Sikujua, mama. Babu hakutuambia."

"Najua hakuwaambia. Ndiyo maana nakuambia mimi."

"Naweza kuonja?"

"Hapa kanisani hanyimwi mtu. Mstari unaanzia kule mlangoni."

Alitazama mlango, akamtazama mpiga picha, kisha akaenda akasimama nyuma ya watoto. Nampa haki yake, alikwenda bila kununa. Ozella alipakua kwa mkono mzito, vijiko viwiliviwili, na kila alipoinua macho alimwona Trent amesogea hatua moja. Cleophus alikuwa ameshapita mara mbili. Kando yake sinia la kobla ambayo Marquetta aliipika mwenyewe kwa pichi za Tarpley lilikuwa halijaguswa bado.

Walipobaki watu wawili mbele ya Trent, sinia lilikuwa na kipande kimoja cha mwisho, cha pembeni, kimeiva vizuri. Ozella alikiona. Na Trent alikiona. Wale wawili waliokuwa mbele walisema wameshiba, wakampisha.

Ozella akageuka upande wa pili wa ukumbi, akaita, "Cleophus! Lete sahani yako ya tatu."