Mashine za Dalmas Zatafutiwa Pa Kulala

Ukipita Laini Saba, hapa Kibera, kwa kuifuata reli, utafika kwenye mlango wa bati wenye rangi ya samawati, na kizingitini utamkuta mtu anasugua kitu kidogo kwa raba ya shule. Huyo ndiye Dalmas Opondo. Usimsalimie kwanza, ngoja amalize. Anachosugua ni kibati cha memori kilichotolewa ndani ya kompyuta, na Dalmas anaamini kwamba kompyuta nyingi zinazotupwa hapa Nairobi hazina ugonjwa wowote, ni uchafu tu kwenye meno. Anasugua, anapuliza, anarudisha. Ikikataa kuwaka, anaitoa anasugua tena, bila kununa. Huyo ni mtu mvumilivu kuliko wagonjwa wake.

Hakuanza hivyo. Alipotoka upande wa ziwa, kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya nyundo. Aliajiriwa kule Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo, kwa Kabiru, anayenunua vyuma vikuukuu na kuvitenganisha. Televisheni inakuja, unaigonga. Kompyuta inakuja, unaigonga. Waya zinatupwa motoni ili plastiki iondoke ibaki shaba, na moshi wake ukikuingia, unakohoa mpaka wiki ya pili. Dalmas alikohoa akazoea, akawa anakohoa hata Jumapili kanisani, na watu wakasogea mbali naye kidogo.

Siku moja, kabla hajashusha nyundo, akaichomeka kompyuta moja kwenye stima, basi tu, kuona. Ikawaka. Ikamwomba nywila. Dalmas hakuwa nayo, lakini tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa amemwomba kitu kwa upole namna hiyo. Akaiweka nyundo chini.

"Kabiru, hii siivunji."

"Kwani ni ya mamako?"

"Nipe hii badala ya siku ya leo."

Kabiru akampa, kwa sababu ilikuwa nzito na ya zamani. Dalmas akaibeba begani hadi Kibera. Njiani aliiangusha mara moja, na tangu siku hiyo haikuwaka tena. Aliiweka pembeni, juu ya kreti ya soda, akaifunika kitambaa. Ndiyo iliyomtoa kwenye nyundo, akasema, hiyo haiguswi, siku moja ataupata ugonjwa wake. Miaka ikapita. Akajifunza kazi kwa simu, kwa kubahatisha, na kwa mafundi wa mjini waliokuwa wakimfukuza polepole. Akawa anarudi Kongo kila wiki kumnyang'anya Kabiru kompyuta kabla ya nyundo. Ofisi zikihama, alikuwepo. Shule zikibadilisha, alikuwepo.

Sasa nikuambie kasoro ya Dalmas, maana mtu bila kasoro haaminiki. Kuokoa alijua. Kumaliza hakujua. Kompyuta ikishaingia kwake na kuepuka moto, yeye moyo ulitulia, akaenda kutafuta nyingine. Chumba kikajaa. Zilipangwa hadi dirishani, dirisha likazibwa, halafu zikapangwa mbele ya dirisha. Yeye mwenyewe alilala kwa upande, kama kitabu kwenye rafu.

Chumba kilikuwa cha Mama Shafi. Jina lake hasa ni Fatna, mama wa Kinubi, ploti aliachiwa na babake naye babake aliachiwa na wake. Ana sauti ya chini, na haongezi neno pale ambapo moja linatosha. Jumatatu moja alikuja akasimama mlangoni.

"Dalmas, mwanangu."

Dalmas akaweka bisibisi chini. Alikuwa anajua kwamba landlodi hakuiti mwanangu bure.

"Rania anaolewa."

"Mashallah, mama. Hongera." Rania ni mjukuu wake. Dalmas ni wa kanisa, lakini amekaa ploti hiyo muda mrefu, mashallah inamtoka yenyewe.

"Wageni wanatoka Bombo, Uganda. Watalala humu. Wewe utalala kwa jirani yako Wekulo, nimeshamwambia."

Dalmas akageuka akatazama humo. Paka alikuwa ameingia asubuhi na bado alikuwa anatafuta njia ya kutoka.

"Wageni wote, mama?"

"Nusu. Nusu nyingine ni sufuria."

"Na hizi mashine?"

"Zinawaka?"

"Zitawaka."

"Sijakuuliza zitawaka. Zitawaka nilisikia mwaka juzi." Akajifunga kitenge vizuri. "Nimepata mtu wa mkokoteni, wa Kongo. Ijumaa baada ya swala anakuja. Chochote kitakachokuwa humu anabeba. Hata wewe ukiwa umelala, atakubeba."

"Mtu wa Kongo anaitwa nani?"

"Kabiru."

Hapo Dalmas akakaa chini, ingawa hapakuwa na pa kukaa. Mashine zote alizomnyang'anya Kabiru moja moja, Kabiru angekuja kuzichukua kwa pamoja, tena kwa kukaribishwa. Angeziweka kwenye mkokoteni, angezirudisha Kongo, na moto ule ule ungewashwa.

Watu wa ploti zetu huwekeana vitu. Ukienda ushago, kijijini kwenu, mtungi wako wa gesi unalala kwa jirani, kuku wako wanalala kwa mwingine, na ukirudi unakuta vyote, ila pengine kuku ameongeza rafiki. Hilo halina makubaliano. Kwa hiyo Dalmas aliona njia: kila jirani amlazie mashine moja au mbili mpaka harusi iishe. Akabeba moja, akaenda kwa Rosebella, anayekaanga samaki pale mbele ya ploti.

"Nilazie hii, dada. Hadi harusi iishe."

Rosebella akaitazama huku anageuza ngege kwenye mafuta. "Imekufa?"

"Imelala."

"Omera, ndugu yangu, mimi nimezika watu. Kulala nakujua na kufa nakujua. Iwashe."

Akaiwasha. Yaani, akabonyeza.

"Basi rudi nayo," akasema Rosebella. "Maiti haiingii kwangu. Ikiwaka ilete, hata zikiwa tatu."

Akaenda kwa Wekulo, bawabu anayeimba besi kwenye kwaya. Wekulo alikubali bila swali, na Dalmas akarudi baada ya saa moja kuleta ya pili. Akamkuta ameikalia ile ya kwanza, anavaa soksi.

"Wekulo, hiyo ni kompyuta."

"Najua. Ni imara."

Hapo ndipo Dalmas alielewa. Kompyuta isiyowaka, katika chumba cha Kibera, inageuka kiti. Ikishakuwa kiti, inageuka meza ya jiko, na ikishakuwa meza ya jiko, afadhali Kabiru. Mashine zilihitaji kuwaka, zote, kabla ya Ijumaa, na zikiwaka zilihitaji kazi, ili mtu asithubutu kuzikalia.

Basi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Dalmas alianza kumaliza.

Alizifungua zote kwa pamoja, akazipanga nje uani hadi watoto wakapoteza uwanja wa mpira. Akatoa vumbi kwa brashi ya rangi. Akatoa mende, waliokuwa wameishi vizuri. Palipokuwa na tatu zenye memori kidogo kidogo, alikusanya memori zote akaipa moja, na hizo mbili zikangoja memori kutoka mashine nyingine. Diski za zamani, zile zinazonguruma kama mashine ya kusaga posho, alizibadilisha kwa zile ndogo zisizo na sauti alizokuwa ameziweka akiba kwa siku ya maana. Akabadilisha betri ndogo za duara zinazotunza tarehe, maana mashine nyingi zilikuwa zinaamini bado ni mwaka ambao Rania alikuwa shule ya msingi. Kisha akaziwekea programu ya bure, nyepesi, ambayo haidai mashine mpya. Kompyuta iliyokuwa inachukua muda wa kupika githeri kuamka, sasa inaamka kabla hujavuta stuli.

Mama Shafi alikuwa anapita na tabaga zake, vile vifuniko vya chakula vya rangi wanavyosuka Wanubi, akizianika kwa ajili ya harusi. Alikuwa anazipitisha juu ya mashine.

Ya Rosebella Dalmas aliijaza nyimbo za benga. Ikawekwa nyuma ya karai, mbali na mafuta, na wateja waliozoea kufunga samaki kwenye gazeti na kuondoka wakaanza kula pale pale. Ya Wekulo aliiwekea programu ya kurekodi sauti. Wekulo akajisikia akiimba kwa mara ya kwanza. Akaurudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na hawa watu wa kwaya wamenivumilia?"

Akaanza mazoezi. Ploti nzima ilijua ameanza.

Moja Mama Shafi aliiingiza sebuleni kwake, na zilizobaki Dalmas alizipeleka Kianda, sehemu nyingine ya Kibera, kwa boda boda, mbili mbili, kwa Mildred, mwalimu mwenye kashule ka mabati. Mildred alizipokea kama anavyopokea watoto wapya: akaziangalia masikio, akazipa nafasi za kukaa. Lakini Ijumaa asubuhi akapiga simu.

"Fundi, moja imekataa. Hata taa haiwaki. Na watoto wa dawati hilo wanalia."

Dalmas akaenda, akaifungua, akaona. Pawa saplai imeungua, kile kisanduku kinacholeta stima ndani. Ya aina ile hakuwa nayo tena, zote zilikuwa zimeshaingia kwenye mashine nyingine. Akairudisha Laini Saba kwa boda boda, ameikumbatia. Chumba kilikuwa wazi sasa. Alipokohoa, sauti yake ilimrudia kutoka ukutani. Iliyobaki ndani ilikuwa ile moja tu, juu ya kreti ya soda, chini ya kitambaa.

Aliketi akaitazama. Ilikuwa ya aina ile ile.

Nje, watu walianza kuelekea msikitini. Mama Shafi alisimama mlangoni, akaona mgonjwa mmoja amefunguliwa na mwingine amefunikwa.

"Hiyo ya kitambaa inawaka?"

"Hapana, mama."

"Itawaka?"

Dalmas akafikiria. Alikuwa na jibu lake la kila siku, lilikuwa mdomoni tayari.

"Hapana," akasema. "Haitawaka."

Mama Shafi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kusali. Dalmas akatoa kitambaa, akafungua skrubu, akainyofoa pawa saplai. Ilikuwa safi kabisa, haijawahi kufanya kazi tangu Kongo. Akaitia kwenye mashine ya Mildred, akabonyeza. Taa ikawaka. Akakaa kidogo akiisikiliza feni. Halafu akaendelea: memori ikatoka, diski ikatoka, feni ikatoka, hata skrubu. Alipomaliza, juu ya kreti palikuwa na sanduku la bati, tupu, lenye mbonyeo pale ilipoangukia njiani.

Kabiru alifika swala ilipoisha, na mkokoteni mkubwa, ameazima na kamba.

"Niaje, mzee wa mashine. Ziko wapi?"

"Hiyo hapo."

Kabiru akachungulia chumbani. Akachungulia nyuma ya mlango. "Nimetoka Kawangware na mkokoteni, buda. Nimepanda kilima."

"Pole."

Kabiru akaliinua lile sanduku kwa mkono mmoja, akaona mbonyeo, akaligeuza.

"Hii si ni ile ulinyakua kwangu?"

"Ulinipa."

"Na bado imerudi." Akaipima mkononi. "Ndani hakuna kitu."

"Ni bati. Bati unayeyusha, hakuna moshi wa plastiki. Beba."

Kabiru akaliweka katikati ya mkokoteni, akalifunga kwa kamba yote aliyokuja nayo ili asionekane ameazima bure, akaondoka.

Harusi ilifanyika vizuri. Wageni wa Bombo walilala, sufuria zikalala, Rania akapambwa akapendeza. Wageni walipoondoka, Dalmas akaanza kukusanya mashine zake.

Rosebella alimsikiliza hadi mwisho. "Chukua," akasema. "Ila wewe ndiye utawaambia hao." Akaonyesha kwa kijiko wateja wake kwenye benchi. Wateja wakamtazama Dalmas huku wanatafuna.

Wekulo hakufungua mlango. Alikuwa ndani, anajirekodi, na kwa kweli alikuwa ameimarika. Kule Kianda, Mildred alimkaribisha kwa chai, akamwonyesha watoto wamebandika majina yao kwenye mashine, akamuuliza anataka kuanza na ya mtoto yupi. Dalmas akanywa chai akaondoka.

Alirudi Laini Saba mikono mitupu. Mama Shafi alikuwa mlangoni na ufunguo. Nyuma yake, kwa sebule, shangazi mmoja aliyekataa kurudi Bombo alikuwa anatazama picha za harusi kwenye skrini.

"Mama, hiyo nayo ni yangu."

"Najua. Ninakulazia." Akampa ufunguo. "Chumba ni chako. Lakini sikia. Mashine isiyowaka hailali humu zaidi ya Ijumaa moja. Swala ikiisha, nakuja na kubonyeza mwenyewe."

"Sawa, mama."

Akaingia. Palikuwa na kreti ya soda, kitambaa, na dirisha, ambalo alikuwa amesahau lilitazama reli. Alilala chali siku hiyo, mara ya kwanza tangu ahamie, na hakupata usingizi mzuri.

Asubuhi akaenda Kongo. Kabiru alikuwa na kompyuta mbili za ofisi fulani iliyohama, nyundo iko karibu.

"Chukua mbili," akasema Kabiru. "Sasa una nafasi."

Dalmas akazitazama zote mbili. Akaifikiria Ijumaa.

"Nipe moja," akasema. "Hiyo nyingine usiigonge. Niwekee."