Kanyaga Kwanza, Hodi Baadaye

Wiki iliyopita fundi umeme alikuja kwangu Kawajense kufunga taa chumbani kwa mama. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo mgeni akibonyeza kengele mlangoni, taa itawaka na kuzima mpaka aione. Fundi akaniuliza, kwa woga kidogo, kama apasue sakafu apitishe waya. "Pasua," nikamjibu, haraka mno hata akanitazama mara mbili.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mimi nililelewa na bibi kule Mamba, kwenye mashamba ya mpunga. Bibi alikuwa kiziwi, na hakuona haya kusema. Nyumba yake ya udongo ilinukia moshi na pumba, na kila asubuhi niliinyunyizia maji sakafu kabla ya kufagia. Kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda chake alilaza ubao mrefu wa mninga, umeegeshwa juu ya vijiwe ili unese. Mchana kutwa alichambua mchele miguu ikiwa juu ya ubao huo. Ukikanyaga upande wa mlangoni, nyayo zake zinapata habari, anageuka, anacheka mpaka jino la mwisho: "Karibu!"

Shida ilikuwa wageni wenye adabu. Kwetu mtu haingizi mguu ndani kabla hajaitikiwa hodi. Basi wastaarabu walisimama nje, wakaita weee, wakaenda zao. Ikabidi bibi awafundishe upya: "Nyie, kanyageni kwanza, hodi baadaye." Jirani yake, mama mmoja mjane, alicheka mpaka akakaa chini, lakini akajifunza. Kila jioni alikanyaga mara mbili, kisha wakakaa wakisengenya nusu ya kijiji kwa mikono na midomo, bila sauti. Sijaona tena watu wanaocheka vile.

Halafu baba akaja kutoka mjini na mifuko ya saruji. Alimpenda mama yake, nisimsingizie. Akasakafia nyumba, akaweka mlango wa chuma, na ubao akaufanya benchi la uani. "Huu ulikuwa wa nini?" aliniuliza alipoutoa, kabla hajamwaga saruji. Nikapandisha mabega. Mimi, niliyelala chumba kimoja na bibi! Niliogopa nikisema ataiacha sakafu ya udongo, na mimi roho yangu yote ilikuwa kwenye saruji. Bibi naye akashukuru kwa sauti kubwa, maana zawadi ya mwanaye asingeikosoa. Tukawa tunafunga mlango ili kuku wasichafue.

Siku moja alinituma kwa jirani kuchukua kaa la moto. Jirani alinipa bila kunitazama. "Bibi yako kautoa ubao, kafunga na mlango," alisema. "Nimeelewa. Sisi wa miguu ya vumbi tukae kwetu."

Niliporudi, bibi akaniuliza, "Mume wangu, mbona mwenzangu haji? Au anaionea haya sakafu?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini jibu lile lingeivunja ile sakafu niliyokuwa nawaringia wenzangu, nikiteleza juu yake kwa magoti. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba sijui.

Wote wawili wametangulia mbele za haki, kila mmoja akiamini mwenzake kamchoka. Nyumba imeanguka. Sakafu ipo, haina hata ufa, watu wanaanikia mpunga.

Kinachonikaba zaidi ni jioni zile. Bibi aliendelea kuchemsha karanga za watu wawili. Za jirani aliziweka kwenye bakuli, akazifunika kwa sahani, akakaa ameuelekea mlango uliofungwa. Giza likiingia alilifunua bakuli na kunisogezea. "Kula, mume wangu. Leo kachelewa shamba."

Nilikula. Zilikuwa tamu, na sikubakiza hata moja.