Karatasi Nyuma ya Kichwa cha Kondoo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo siikumbuki kwa tarehe. Naikumbuka kwa harufu: maji ya uvuguvugu yakilowesha gundi ya zamani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekaa kwenye baraza ya duka la vitu vilivyotumika pale Mwanga, Kigoma, kisu kidogo mkononi. Nilidhani nasafisha ubao.

Duka lile lilikuwa la mama mmoja wa Ilagala tuliyemwita Mama Tatu. Alinunua vitu vya wageni waliomaliza mikataba yao na kuondoka: vitanda, majokofu, makabati, hata mapazia. Mimi nilikuwa fundi wake wa kurekebisha vilivyovunjika. Shule niliishia darasa la saba, lakini wageni walikuwa wakiacha pia maboksi ya vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka, na mimi nilivitaka. Nilisoma Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

Katika maboksi hayo nilipata kitabu kuhusu vichwa vya wanyama wa kuwindwa, vile vinavyokaushwa na kupachikwa ubaoni ili vitundikwe ukutani. Kilieleza jinsi ya kukisia bei ya kichwa cha namna hiyo kinapouzwa tena. Nilikisoma chote isipokuwa sura ya mwisho. Sura hiyo ilihusu hati na vibali, Kiingereza chake kilikuwa cha kisheria, kila mstari ulinirudisha kwenye kamusi mara tano. Nikairuka. Nikajiambia, mambo ya karatasi ni ya makarani.

Usicheke bado.

Miezi michache baadaye akaja Mzee Hamisi wa Ujiji, anakokota baiskeli, nyuma amefunga mzigo uliofunikwa khanga. Alikuwa amempikia mhandisi mmoja wa kigeni kwa miaka mingi, na mhandisi huyo alipozeeka na kurudi kwao alimwachia kichwa cha kondoo wa mwitu, mnyama wa milima ya baridi ya mbali, pembe zake nene zimejikunja mpaka chini ya taya. Ujiji nzima ilikijua kichwa kile. Mke wake, Bi Zaina, alikuwa akikifunika khanga kila anaposwali, na majirani hawakuacha kumtania mzee: "Mzee Hamisi, Idi imefika, si umchinje yule wa ukutani? Ameshanona!" Naye hujibu, "Mchinjeni, lakini supu yake ni vumbi la mbao."

Siku hiyo hakuwa na utani.

"Shikamoo, Mzee," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama Tatu yupo?"

"Amekwenda Ilagala kumuuguza mama yake. Mimi nipo."

"Basi nisaidie wewe. Bi Zaina uvimbe wa shingoni umefika pa kumkaba. Akilala anakoroma kama anazama. Wamesema apelekwe Mwanza akapasuliwe, wala tusikawie. Sina cha kuuza ila hiki."

Nikamwambia amefika kwa mtu anayejua. Ndivyo nilivyosema, mwanangu, kwa kinywa hiki hiki.

Nikachukua uzi nikaupitisha juu ya pembe toka shinani hadi nchani, nikifuata mkunjo, kisha nikaupima uzi kwa rula. Nikazungusha uzi shinani. Nikahesabu pingili za pembe, kwa sababu kitabu kilisema kondoo wa mwitu huandika miaka yake humo. Nikatazama masikio kama yamepasuka, pua kama imebanduka, mshono wa nyuma ya shingo kama unaonekana. Nikagonga ngozi nione kama unga wa wadudu utadondoka. Haukudondoka. Macho yalikuwa ya kioo, mazima, yanakutazama kama unadaiwa salamu. Yote nikayaandika kwenye daftari, Mzee Hamisi akiwa ameketi pembeni ananitazama kwa heshima ambayo sikuistahili.

Nilikuwa na desturi moja njema: kuandika kila kitu kabla sijakigusa. Nyuma ya ubao kulikuwa na karatasi ya kahawia, mende wameila pembeni, yenye mhuri, namba ndefu, na chini yake mistari miwili ya mkono iliyosema mwenye kichwa amempa Hamisi mpishi wake kiwe mali yake. Kwenye shina la pembe kulikuwa na kibati kidogo chenye namba ile ile. Nikanakili vyote, herufi kwa herufi.

Halafu nikaviondoa.

Nilikuwa nimepata mnunuzi, mfanyabiashara aliyekuwa akijenga hoteli Dar es Salaam, na nilitaka kichwa kionekane kipya. Karatasi ile niliiona uchafu. Nikailowesha, nikaikwangua kwa kisu. Kibati nikakikata kwa koleo, tundu lake nikaliziba kwa nta, na vyote nikavitupa kwenye moto wa takataka. Katika daftari nikaandika: "Nyuma pamesafishwa."

Mnunuzi alisema atalipa mzigo ukishapokelewa stesheni. Tukaenda watatu, mimi nasukuma mkokoteni. Kwenye ofisi ya mizigo kulikuwa na afisa wa wanyamapori, kijana mpole kwa sura. Akafunua khanga, akauliza:

"Hii ni nyara. Hati yake iko wapi?"

Mnunuzi akarudi nyuma hatua mbili. "Mimi bado sijanunua. Mwenyewe huyu mzee."

"Ipo nyuma, mwanangu," alisema Mzee Hamisi. "Imebandikwa. Geuza."

Wakageuza. Ubao ulikuwa mweupe, mikwaruzo mibichi. Afisa akapitisha kidole kwenye pembe, nta ikabanduka.

"Mzee, mtu aliyenyooka hakwangui namba. Nani amefanya hivi?"

Nilisimama pale nimeshika mkokoteni. Mzee Hamisi alinitazama. Hakunitaja. Alisema tu, taratibu, "Kijana huyu ana daftari. Aliandika kila kitu. Nenda kalilete, mwanangu, tunakungoja."

Nikatoka mbio. Nilifika dukani, nikalichukua daftari, nikalifungua pale palipoandikwa "Nyuma pamesafishwa". Niliona kwamba namba ile ingemtoa yeye na neno lile lingeniingiza mimi. Nikaliweka chini ya godoro bovu stoo. Sikurudi.

Siku ya pili afisa alikuja mwenyewe. "Yule mzee anang'ang'ania kwamba una daftari lenye namba."

"Daftari langu ni la vipimo vya meza," nilimjibu.

Siku zikapita, mwanangu, mimi nikipiga randa mbao ambazo hazikuhitaji randa. Kila asubuhi nilijiambia kesho. Mzee Hamisi alikuwa mahabusu, na Bi Zaina hakuwa na wa kumshika mkono, maana hawakujaliwa watoto. Ningeweza walau kwenda Ujiji kumjulia hali. Sikwenda. Niliogopa ataniuliza habari za mumewe.

Siku ya nane Mama Tatu akarudi. Habari alikuwa ameshazipata njiani, maana Kigoma habari hushuka na watu wa kwanza pale Kibirizi, kwenye boti za ziwani. Hakuniitikia shikamoo. Akaweka kikapu chini.

"Daftari liko wapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze.

"Nimeuliza liko wapi, sijauliza una nini moyoni."

Nikamletea. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole kama kawaida yake, kisha akalifunga.

"Umepima pembe, umepima masikio, umehesabu mpaka miaka ya mnyama aliyekufa. Bei yote ilikuwa mgongoni, wewe ukaikwangua. Hilo ni la ujinga, na mjinga hufundishwa." Akanirudishia daftari. "Lakini kwa siku nane hukuwa mjinga. Ulikuwa unajua. Hilo sina dawa yake. Vaa viatu."

Akanishika mkono barabarani kama mtoto mwizi, mpaka mbele ya afisa. Nikasema yote. Afisa alinakili namba, akasema lazima iulizwe Dar es Salaam, na mimi wakaniweka ndani siku ile ile. Jibu lilichukua siku mbili. Namba ilikuwa ya kweli: kichwa kiliingia nchini kihalali, kwa jina la mhandisi yule. Wakamwachia Mzee Hamisi mchana wa siku ya kumi. Nami wakaniachia jioni, kwa onyo kali. Wengine wameozea jela kwa kosa dogo kuliko hilo.

Bi Zaina alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Majirani walisema alikabwa akiwa ameketi, maana kulala alishindwa. Walimzika baada ya adhuhuri. Mumewe alifika Ujiji wanaume wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

Nilikwenda matangani kesho yake, Mama Tatu mbele, mimi nyuma. Mlangoni mwa chumba cha marehemu kulikuwa na begi dogo la nguo, limefungwa kwa kamba, viatu vyake vimewekwa juu. Nikauliza, kwa upumbavu wa kutafuta la kusema, nani anasafiri.

Mzee Hamisi alinijibu bila kupandisha sauti. "La Zaina. Nilimtumia salamu toka ndani: jiandae, kijana amekwenda kuleta daftari, nikitoka tunaondoka. Akafunga begi siku ile ile. Wanasema kila akisikia baiskeli nje, alivaa viatu."

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa linalofika hapo. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba mjukuu huyo huja kuishi nawe.

Baadaye walipomrudishia kichwa chake, Mzee Hamisi hakukitaka. Alikifunga kwenye baiskeli ile ile, akaniletea dukani. "Kaa nacho," alisema. "Mimi nikikitazama namwona Zaina akikifunika." Mpaka anakufa aliitikia shikamoo yangu kila tulipokutana, na kila alipoitikia niliinamisha macho.

Leo nina karakana yangu Mwandiga, na umekiulizia mara nyingi kile kitu ukutani. Wateja hudhani ni ubao wenye makovu. Ni kichwa cha kondoo wa mwitu, nimekitundika uso ukielekea ndani ya boksi, mgongo nje. Nilipenda nione kila siku mahali nilipokwangua.

Basi sikia, mwanangu. Kitu kikuukuu ukiletewa ukitathmini, kwanza kigeuze. Uzuri wa mbele ni wa kumpendeza macho mnunuzi, nyuma ndiko kulikoandikwa kitu ni cha nani na kimefikaje. Usiondoe usichokijua maana yake. Sura ya kitabu inayokushinda ndiyo uisome mara mbili, kwa kuwa mtu anayejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia karuka nini. Hayo ni ya kazi.

La pili si la kazi. Ukikosea, mwenye kuumia akikutuma daftari, lilete saa ile ile, hata kama jina lako limo. Kosa langu la kisu lilikuwa la saa moja. Kosa la godoro lilikuwa la siku nane, na hilo ndilo lililomzika Bi Zaina.

Mungu akupe mkono wa kugeuza vitu na miguu ya kurudi ulikotumwa. Na asiwepo mtu popote duniani aliyevaa viatu anakungoja, nawe umejificha.