Mkono Chuma: Msusi aliyejifunza kulegeza mkono

Saa moja na nusu asubuhi, maji ya uvuguvugu yanamiminika kutoka kwenye jagi la plastiki na kulowesha kichwa cha karani wa benki aliyeinamia karai. Mwanamke anayemwosha hana haraka. Vidole vyake vinatembea juu ya ngozi ya kichwa kana kwamba vinatafuta kitu kilichodondoka, na kila vikifika kwenye mapanja vinapunguza mwendo.

Akimaliza, anamkalisha karani karibu na dirisha. Anazigawa nywele mafungu manne, anayabana matatu kwa vibanio, na lile la nne anaanza kulichambua kwa vidole, kuanzia nchani kurudi shinani. Chanuo la meno mapana linasubiri zamu yake. Fundo moja linagoma. Analidondoshea maji na mafuta kidogo, anangoja, kisha analijaribu tena.

"Inauma?" anauliza.

Karani anajibu kwamba haiumi. Msusi anaanza kusuka, na mistari mitatu baadaye anamuuliza tena. Kwenye mstari wa saba, karani anakunja uso kidogo. Msusi ameona kwenye kioo. Anaufumua mstari mzima na kuanza upya.

Mtaani hapa siku hizi wanamwita Taratibu. Miaka minane iliyopita walimwita Mkono Chuma, na jina hilo lilikuwa sifa.

Ana umri wa miaka arobaini na sita, mume mmoja ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na binti mmoja wa sekondari. Chumba chake cha kazi, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viatu, kina upana wa mita tatu na urefu wa mita nne. Kina viti viwili, benchi moja na kioo kilichopasuka kona ya chini.

Kusuka alikuanza akiwa na miaka kumi na mitatu, alipokuwa akiishi kwa shangazi yake aliyesukia watu nyumbani. Shangazi alikuwa na sheria moja: msuko ukilegea, na jina lako limelegea. Mtoto akisuka mstari mlegevu, shangazi aliufumua na kumchapa vidole kwa mgongo wa kitana.

Ni shangazi huyo huyo aliyempaka dawa ya kulainisha nywele kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka kumi na mitano. Iliunguza nyuma ya masikio hadi ngozi ikatoka magamba. "Nilipolia aliniambia nikaze roho, dawa bado haijakolea," anasimulia. "Wote tuliamini kuungua ndiyo dalili kwamba inafanya kazi."

Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa kwenye saluni kubwa, na huko ndiko jina lilikovuma. Rasta zake, misuko ya nywele za bandia, zilidumu miezi miwili bila unywele mmoja kuchomoka. Wateja waliweka nafasi wiki mbili kabla. Walitoka wakiwa wamemeza vidonge vya maumivu, macho yamevutwa juu, wakitaniana kwamba ukisukwa na Mkono Chuma huwezi kufumba macho hadi Jumatano.

Yeye mwenyewe alivaa kilemba kila siku. Aliyemuuliza kwa nini msusi hodari hasuki kichwa chake alijibiwa kwa mzaha kwamba kinyozi hajinyoi. Ukweli ni kwamba hapakuwa na cha kusuka. Dawa na rasta za miaka ishirini zilikuwa zimelisukuma paji lake la uso hadi karibu na utosi, na kilichobaki nyuma hakikuzidi urefu wa kidole gumba.

Aliyeyabadilisha maisha yake ni mteja wake kwa miaka tisa, muuguzi aliyemzidi umri kidogo, ambaye alikuja kusukwa kila baada ya wiki sita. Siku moja, miaka minane iliyopita, alikuja akiwa amevaa wigi. Saluni ilikuwa na wateja watano. Alikaa kwenye kiti, akalivua wigi, akaliweka mapajani. Mapanja yote mawili yalikuwa wazi hadi juu ya masikio, ngozi laini inayong'aa kama kiganja.

"Mdogo wangu," alisema bila kupaza sauti, "nimetoka kwa daktari wa ngozi. Ameniuliza ni nani ananisuka. Nimeshindwa kulitaja jina lako."

Kisha akaeleza alichoambiwa. Nywele zikivutwa mwaka baada ya mwaka, mizizi huchoka. Ukiwahi kuacha, zinarudi. Ukichelewa, ngozi inaweka kovu na hapo hapaoti kitu tena. Hakuja kugombana, alisema. Alitaka waende wote hospitali ili msusi asikie mwenyewe, maana vichwa vingi vinapita mikononi mwake.

Taratibu anaposimulia kilichofuata, mikono yake inasimama. "Nilimjibu vibaya. Nilimwambia vichwa vyote hivi vinasukwa hapa, mbona chako tu ndicho kinacholalamika? Nikamwambia labda ni uzee unabisha hodi. Watu wakacheka."

Muuguzi alilivaa wigi lake, akaaga, akatoka. Vicheko vikaisha. Kwenye kioo, msusi akamwona mteja mmoja akipeleka mkono polepole kwenye panja lake mwenyewe.

Wiki ile alianza kuvitazama vichwa kwa jicho jingine. Kati ya wateja kumi na mmoja aliowasuka, saba walikuwa na nywele zilizopungua mbele. "Si kwamba nilikuwa sivioni," anasema. "Niliviona miaka yote. Nilichofanya ni kurudi nyuma kidogo, nikaanzia pale palipobaki nywele."

Jumapili ikawa zamu ya binti yake, aliyekuwa na miaka kumi. Kila Jumapili mtoto alikaa sakafuni katikati ya magoti ya mama akijikunja kwa maumivu, na kila Jumapili aliambiwa atulie. Safari hii mama alipitisha kidole kwenye mpaka wa nywele, akakuta mstari wa vipele vidogo vyenye usaha. Aliweka kitana chini, akaanza kufumua. Mume alipoingia na kukuta wamezungukwa na marundo ya rasta, aliuliza kama kuna msiba.

Kesho yake alikwenda hospitali peke yake. Alikuwa amejipanga kuuliza habari za mtoto tu, lakini daktari alipomaliza maelezo alikitazama kile kilemba na kumwomba akivue. "Nilikivua mbele ya mgeni nikiwa sijawahi kukivua mchana mbele ya mume wangu," anasema.

Daktari alimwambia sehemu kubwa bado ina uhai. Aache dawa, aache kuvuta, awe na subira. Mbele kabisa hakumwahidi kitu.

Alinyoa zote siku hiyo hiyo. Binti alishika beseni. Mume, ambaye upara wake ni wa kuzaliwa nao kwa mujibu wa ndugu zake, alikipapasa kichwa cha mkewe, akasema taa moja ya sebuleni sasa wanaweza kuizima, vichwa viwili vinatosha. Anasema alicheka hadi akalia, na kilio kikachukua muda mrefu kuliko kicheko.

Kuanzia hapo alijifunza upya kazi aliyoifanya kwa robo karne. Aliazima utepe wa kupimia wa fundi cherehani jirani, akawa anapima nywele kila tarehe mosi na kuandika kwenye kalenda ya ukutani. Sentimita moja. Sentimita mbili. Alifurahi kama mtu anayepalilia bustani.

Mwaka wa pili utepe uligoma kusogea. Miezi mitano urefu ulikuwa ule ule. Alidhani kichwa chake kimefika mwisho wa uwezo wake, kama alivyosikia tangu utotoni kwamba nywele za kipilipili hazikui. Hadi asubuhi moja alipofagia sakafu baada ya kuchana, akakuta vipande vifupi vifupi, si nywele nzima zenye mizizi.

"Kumbe zilikuwa zinaota shinani na kukatika nchani," anasema. "Nilikuwa najaza ndoo iliyotoboka. Nilizichana zikiwa kavu, nikapaka mafuta bila maji, nikalala bila kufunga kichwa. Nywele haziombi makubwa. Zinaomba usizivunje."

Tangu siku hiyo hazichani bila kuzilowesha. Huziosha mara moja kwa wiki, huzisokota mabutu makubwa yasiyovuta, hulala na kitambaa laini kinachoteleza, na hukata ncha zilizopasuka hata kama moyo unamuuma. Leo, ukizivuta, zina sentimita arobaini na moja na zinafika katikati ya mgongo. Ukiziachia zinajikunja na kurudi mabegani.

Mbele hazikurudi zote. Juu ya sikio la kushoto kuna kipande kidogo kisicho na kitu. Hakifichi.

Wakati nywele zikirefuka, kazi ilikuwa inafupika. Alipoanza kulegeza mkono, wateja walinung'unika kwamba misuko yake inachoka baada ya wiki tatu. Aliyezoea foleni akawa anakaa na kutazama wenzake wakisuka. Mwenye saluni alimvumilia miezi minne, kisha akamwambia kwa upole kwamba kile kiti kina mtu mwingine anayekihitaji. Alikaa nyumbani zaidi ya mwaka na nusu, familia ikiishi kwa mageti na madirisha ya mume.

Shangazi yake, ambaye sasa ni mzee, alimwita na kumshauri arudie mkono wa zamani, kwa kuwa kula ni kula. Alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, akamshukuru, na hakufanya alivyoambiwa.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha raha kuliko kukosa kazi. Miaka miwili ilikuwa imepita bila kumwona yule muuguzi. Alijua anafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Aibu ndiyo iliyomfunga.

Hatimaye alikwenda, kichwa wazi, nywele zikiwa na urefu wa vidole vinne. Alikaa kwenye benchi katikati ya kina mama na vichanga vyao hadi foleni ilipopungua. Muuguzi alipotoka, msusi aliinuka akasimama mbele yake.

"Dada, nilikukosea mara mbili," msusi alimwambia. "Mara ya kwanza kwa mkono, mara ya pili kwa mdomo. Ya mkono sikujua. Ya mdomo nilijua."

Muuguzi alimsogelea. Alimwambia ainame. Kwa vidole vile vile vinavyopapasa utosi wa watoto wachanga, alizigusa zile nywele fupi za mbele, moja moja. "Zimeota," alisema. Kisha akavua kofia yake ya kazi. Panja la kushoto lilikuwa limejaa. La kulia lilikuwa kama lilivyokuwa siku ile saluni.

Nilipomtafuta muuguzi huyo, alikiri kwamba alikuwa na maneno mengi aliyoyatunza miaka miwili. "Nilipomwona amekaa pale kichwa wazi, yakanipotea," alisema. "Nikamwambia basi nisuke, lakini ukinivuta nakung'ata."

Alisukwa Jumamosi iliyofuata, kwenye kiti cha jikoni nyumbani kwa msusi. Hakung'ata mtu. Baada ya hapo akawa anawaelekeza kwake kina mama ambao nywele zao zilipungua baada ya kujifungua, na kina mama wakaleta dada zao. Kabla mwaka haujaisha, msusi alikuwa amekipanga kile chumba kilichokuwa stoo ya viatu.

Leo anapata karibu robo tatu ya alichopata enzi za Mkono Chuma, na hajioni amepungukiwa. Wapo wanaoingia wakitaka kubanwa kwa ajili ya harusi au mahafali. Anawaeleza, na kama hawakubali anawatakia heri. Anayekuja na ngozi yenye vidonda au kovu hamsuki, anamwelekeza kwa daktari kwanza.

Karani wa benki alianza na nywele zinazoishia masikioni; sasa, miaka miwili na miezi minane baadaye, zinamgusa mabega. Anasema alikua akiamini nywele zake ni za aina isiyorefuka. "Zilikuwa zinarefuka siku zote," anasema akijitazama kwenye kioo. "Sisi ndio hatukuziacha."

Binti wa msusi ana miaka kumi na minane, na msuko wake mmoja mnene unamfika kiunoni. Jumapili bado anakaa mbele ya mama yake, siku hizi akisoma kitabu, na mara nyingine anasinzia kabla ya kumalizwa.

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumatatu, siku ambayo saluni nyingi hufungwa, Taratibu atafundisha wasusi vijana ndani ya chumba hiki. Wanane wamejiandikisha. Mume amewachomelea mabenchi mawili. Anataka wajue kuisoma ngozi ya kichwa kabla ya kushika kitana, na wajue kusema hapana kwa mteja anayeomba kuumizwa.

Siku ya kwanza muuguzi atakuja. Alijitolea mwenyewe, bila kuombwa. Atakaa kwenye kiti cha dirishani mbele ya wasichana wote wanane, kichwa wazi, na wataliona lile panja la kulia.

"Sitaki walisikie kwa maneno, wataligusa," anasema Taratibu, akifunga ncha ya mstari wa mwisho wa karani. "Nitasimama pale pale nyuma yake niwaambie, hii ni kazi ya mkono wangu. Halafu nitawafundisha kusuka."