Mguu wa Alute

Siku Selina alipoikata kamba ya mdogo wake, hakuomba ruhusa ya mtu. Alichukua kisu anachokatia vitunguu kwenye banda lake la mama lishe pale Itigi, akaikata, basi.

Alute ana miaka ishirini na miwili. Hasemi, ila honi ya treni ikilia tu, anatimka kuelekea relini. Ndiyo maana tangu mama yao afariki, baba yao mdogo, mzee Damiani, alikuwa akimfunga mguu kwenye nguzo ya jiko. Kamba ikamla kifundo mpaka kikatoka kidonda kisichopona.

"Shikamoo, baba mdogo," Selina alimwahi mlangoni.

"Marahaba. Nani kakata?"

"Mimi."

"Treni ikimsaga, utamzoa wewe? Nilimwahidi mama yenu huyu hatakufa mikononi mwangu!"

"Nitakwenda naye. Nyie mnamkamata njiani kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Nani amewahi kumwacha afike, aone anataka nini?"

Mzee akaguna. "Siku nikitoka machungani nisimkute hapa, namfunga. Na wewe hutagusa."

Siku nne walikwenda. Alute hakukanyaga reli hata mara moja. Alisimama upande wa huku wa mtaro wa reli, akikunja kidole kwa kila behewa. La mwisho likipita, anageuka, anarudi nyumbani mwenyewe. Kumbe! Miaka yote ile, kumbe ni hilo tu.

Siku ya tano honi ililia, lakini treni ya mizigo ikaganda stesheni. Jua likashuka. Wateja wa Selina wakaenda kula kwingine. Alute hakubanduka. Selina alimvuta mkono mara moja, akaona uso wake, akamwachia.

Mzee Damiani akatokea na kamba mpya ya katani begani. "Nilisema."

Selina akaketi mavumbini, akanyoosha mguu wake. "Anza na huu."

"Selina, usinichezee."

"Sichezi, baba mdogo. Funga wawili, utukokote, Itigi nzima ione."

"Mzee, huyo humwezi!" akapaza sauti muuza asali mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

Mzee alikuwa bado anaishika kamba, hajui aanzie wapi, treni ikaanza kusogea. Vidole vya Alute vikajikunja, vikakunjuka, vikajikunja tena. Behewa la mwisho likapita. Akageuka, akampita baba yake mdogo bila kumtazama, akashika njia ya nyumbani.

"Na kesho?" mzee akauliza kwa sauti ya chini.

Selina akajipangusa vumbi. "Kesho tunakuja. Ukitaka, njoo uhesabu naye."